Lenzi ya kukuzia ifuate negativu, sio nguzo ya mashine

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote. Naomba unipe nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua barua yenyewe ni ndefu na habari ya lenzi sio siasa wala mpira, lakini kuna watu wanaihitaji na kwa Kiswahili haiandikwi, kwahiyo nimeona bora niiandike mimi ambaye nimekaa chumba cha giza cha kutolea picha miaka mingi hapa Tanga na kazi yangu mpaka leo ni hiyohiyo.

Miaka hii vijana wamerudia filamu. Tena wengine hawaishii kwenye rolo za 35, wanataka ile kubwa ya shiti mojamoja, inchi 4 kwa 5, na wapo wengine hawapigi kabisa ila wamerithi maboksi ya negativu za studio ya baba au babu na wanataka kuzitoa picha upya wajue ndani kuna nani. Mashine za kukuzia, yaani zile zinazomulika negativu juu ya karatasi picha itoke kubwa, wanazipata, manake vyuo vingi huko Ulaya vilifunga vyumba vyao vya giza na mashine zikauzwa bei ya kutupa. Shida inaanzia kwenye lenzi. Mashine inakuja haina lenzi, au inakuja na lenzi ya milimita 50 iliyokuwa ya filamu ndogo, mtu anasema lenzi ni lenzi, anaifunga, anawasha taa, anaona duara la picha katikati na kona zote nne nyeusi, basi anaamua mashine ni mbovu. Mashine haina tatizo lolote. Ile lenzi haikutengenezwa kwa negativu ya ukubwa huo, na hilo ndo ninalotaka kulieleza leo mpaka lieleweke.

Kwanza kwanini hizi negativu zilikuwa kubwa hivyo. Zamani picha haikuzwi. Wapiga picha wa karne ya 19, wakiwemo akina A. C. Gomes waliokuwa na studio Unguja, walitumia negativu za vioo, na kioo kinalazwa juu ya karatasi vinatolewa juani pamoja, picha inatoka saizi ileile ya kioo, kwahiyo ukitaka picha kubwa unabeba kamera kubwa, hakuna njia ya mkato. Baadaye zikaja karatasi zinazokubali mwanga wa taa ndo kukuza kukawa kazi ya kila siku, lakini studio nyingi ziliendelea na negativu kubwa kwa sababu nyingine kabisa, penseli. Fundi alikaa na penseli ya ncha kali anaziba makunyanzi na makovu juu ya negativu yenyewe, kazi ambayo kwenye filamu ndogo huiwezi hata uwe na macho ya namna gani. Studio kama Capital Art Studio ya Ranchhod Oza pale Mji Mkongwe, iliyofunguliwa 1930, ndizo zilizotuhifadhia sura za watu wetu, na huku miji ya pwani yapo maboksi ya studio ambazo hata kibao cha mlangoni hakipo tena. Ndo maana naliona jambo hili ni zito. Negativu kubwa imebeba vitu vingi sana, uzi wa kanzu, maandishi ya kwenye saa ya mkononi, halafu mtu anakuja kuipitisha kwenye lenzi isiyo yake, vyote vinapotea njiani.

Sasa kanuni. Urefu wa fokasi wa lenzi, ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake, uwe karibu sawa na mshazari wa negativu, yaani chukua rula pima kutoka kona moja mpaka kona ya upande wa pili, namba unayoipata kwa milimita ndo lenzi yako. Mfano ulio rahisi kuliko yote ni negativu ya sentimita 9 kwa 12, maana 9 mara 9 ni 81, 12 mara 12 ni 144, jumla 225, kipeuo chake cha pili ni 15 kamili, sentimita 15, basi lenzi ni ya milimita 150. Hakuna cha kubishana hapo. Filamu ya 35 mshazari wake ni milimita 43 ndo maana inatumia 50. Ile ya mraba ya sentimita sita kwa sita (hizo ni za jina, picha yenyewe ni ndogo kidogo) mshazari ni 79, inatumia 80. Sita kwa tisa ni 101, inatumia 105. Shiti ya inchi 4 kwa 5, ukitoa ukingo unaobanwa na kishikio cha negativu unabaki na kama milimita 95 kwa 120, mshazari 153, hapo ni 150, na 135 inavumilika ila nitarudi kwake. Inchi 5 kwa 7 inataka 210. Inchi 8 kwa 10 inataka 300. Na wenye vioo vya studio, wengi mtakuta ni saizi za Kiingereza, robo pleti ambayo ni inchi 3¼ kwa 4¼ inakaa vizuri kabisa na 135, nusu pleti ya inchi 4¾ kwa 6½ inataka 210, na pleti nzima ya inchi 6½ kwa 8½ mshazari wake ni kama 272 kwahiyo unakwenda kwenye 300.

Kwanini iwe hivyo? Lenzi haitoi picha ya mraba, inatoa duara, na hilo duara lina mwisho wake. Karibu na katikati picha ni kali, ukienda ukingoni ukali unapungua na mwanga unapungua, ukipita mwisho hakuna kitu. Lenzi ya kukuzia imechorwa duara lake litoshe negativu ya saizi fulani. Ukiweka lenzi fupi kwenye negativu kubwa ni shuka fupi hiyo, ukivuta kichwani miguu iko nje.

Na hata pale ambapo duara linafika, mwanga hautoshi. Chukua negativu ya 4 kwa 5 unaikuza mara nne iwe inchi 16 kwa 20. Kwa lenzi ya 150, kwa hesabu ya pembe peke yake, kona inapata karibu robo tatu ya mwanga unaofika katikati. Kwa lenzi ya 105 kona inapata zaidi kidogo ya nusu tu. Hiyo nusu kwenye karatasi inaonekana, kona za picha zinatoka nyeupe zimepauka na katikati kumeiva, wewe unaanza kuongeza mwanga kona moja moja kwa mkono kila picha, siku nzima imeisha kwa karatasi tatu. Tena usisahau kwamba kwenye kukuza kila kitu ni kinyume, kona iliyokosa mwanga haiwi nyeusi kama ya kwenye kamera, inakuwa nyeupe, na wengi hapo wanachanganyikiwa wanadhani negativu yenyewe ina kasoro.

Sasa kwanini watu wanakimbilia lenzi fupi? Nguzo. Mashine ina nguzo ya urefu fulani na dari la chumba liko pale lilipo, lenzi fupi inakupa picha kubwa bila kupandisha kichwa cha mashine juu sana. Hoja hiyo naielewa, chumba changu mwenyewe dari liko chini, ila tupige hesabu kabla hatujakimbia. Umbali kutoka negativu mpaka karatasi unaupata hivi: chukua ukuzaji (picha ni mara ngapi ya negativu), jumlisha 2, jumlisha 1 gawanya kwa ukuzaji, zidisha kwa urefu wa lenzi. Kukuza mara nne ni 4 na 2 na robo, 6.25. Kwa lenzi ya 150 inakuja kama sentimita 94, kwa ya 135 inakuja kama 84. Tofauti ni sentimita 10 tu! Kukuza mara tano, picha ya 20 kwa 24 hiyo, ni 108 kwa 97. Kukuza mara nane ni sentimita 152 kwa 137. Kwahiyo kama mashine yako inaishia mita moja, 135 inakupa 20 kwa 24 na 150 haikupi, basi hapo unayo sababu ya kweli ya kununua 135. Kama hufiki huko, na wengi wetu hatufiki maana karatasi yenyewe ya saizi hiyo bei yake unaijua, basi sababu huna, chukua 150.

Mimi kwa 4 kwa 5 nasimama na 150 bila kuyumba. Kwa 135 unafanya kazi ukingoni mwa duara, ukiwa umetulia na kila kitu kiko sawasawa inakupa picha nzuri sana sikatai, nimeona kazi za 135 zilizonyooka, lakini siku unataka kunyoosha jengo lililopinda, yaani unainamisha ubao wa karatasi na lenzi kidogo ili nguzo za msikiti zisimame wima, unahitaji duara lenye akiba na hiyo akiba iko kwenye 150. Zipo pia lenzi fupi zilizochorwa makusudi kwa kazi hii, Rodagon-WA ya milimita 120 inafunika 4 kwa 5, ile ni fupi lakini duara lake limetanuliwa, kwahiyo usiichanganye na 120 yoyote utakayoikuta sokoni. Bei yake lakini huwa juu kuliko ya 150 ya kawaida.

Kwenda upande wa pili, lenzi ndefu kuliko inavyotakiwa, hakuna dhambi kwenye kona, kona zitakuwa safi kabisa, ila inakula nguzo na inakula mvukuto, ule mfuko wa mikunjo kati ya negativu na lenzi. Lenzi ya 210 kwa negativu ya 4 kwa 5 ukikuza mara nne unahitaji mita 1.31 jumla, na kutoka negativu mpaka lenzi ni sentimita 26, mivukuto mingi ya mashine za 4 kwa 5 haivutiki hivyo. Pima mvukuto wako kabla hujatuma hela. Hesabu ya hapo ni urefu wa lenzi, ongeza urefu huohuo ukigawanya kwa ukuzaji. Ndo maana pia mwenye negativu za 8 kwa 10 hawezi kudanganya, lenzi ya 300 ikikuza mara mbili tu inataka sentimita 45 kutoka negativu na jumla mita 1.35, hiyo ni mashine kubwa ya kusimama sakafuni.

Tuje kwenye majina, maana ndo vijana wanachouliza kwanza wakati mimi ningependa kiwe cha mwisho. Schneider wa Kreuznach na Rodenstock wa Munich, wote Ujerumani, na Nikon wa Japani, hao ndo utakutana nao zaidi. Schneider wana madaraja: Componar ni ya vioo vitatu ndani ya lenzi, Comparon ya vinne, Componon na Componon-S ni ya sita. Rodenstock vilevile, Rogonar ni vitatu, Rogonar-S na Ysaron vinne, Rodagon sita. Nikon, EL-Nikkor zao za 135 na 150 ni za sita. Hapo sasa msikilize mtu wa kazi: vioo vitatu viache, hasa kwa negativu kubwa. Vioo vinne vinafanya kazi kwa picha ndogo, mara mbili mara tatu, ukifunga vizuri tundu la kupitishia mwanga. Vioo sita ndo lenzi ya kununua mara moja na kuishi nayo. Na kati ya Componon-S na Rodagon na EL-Nikkor za sita, ukiniambia nichague nitakwambia chukua iliyo safi zaidi, maana tofauti kati yao ni ndogo kuliko tofauti kati ya lenzi safi na lenzi iliyokaa kabatini Mombasa bila kuguswa.

Angalieni na herufi za mwisho wa jina, hizi zinaponza watu. Rodagon-G imechorwa kwa picha kubwa mno za ukutani, na APO-Rodagon-D ni ya kunakilia, yaani nakala saizi ileile ya negativu au karibu na hapo. Zote mbili ni lenzi nzuri sana kwa kazi zake, lakini ukiichukua ile ya kunakilia ukaitumia kukuza mara nane haikupi kile ulicholipia. Kila lenzi ya kukuzia ina ukuzaji wake inaoupenda. Tena hii ndo sababu lenzi ya kamera, hata iwe ya bei mbaya, haikai vizuri kwenye mashine. Ya kamera imezoeshwa vitu vya mbali, ya kukuzia imezoeshwa kitu bapa kilicho karibu kiende kwenye kitu bapa kingine.

Na hapa Mhariri nakugusa wewe na wenzako wa magazeti. Viwanda vya kuchapa magazeti zamani vilikuwa na kamera kubwa ya kutengenezea pleti za kuchapia, na kamera zile zilikuwa na lenzi kama Apo-Ronar, Apo-Nikkor au Artar ya Goerz, tundu lake kubwa linaanzia f/9 hivi (namba ya f ikikua tundu linakuwa dogo). Lenzi hizi zimechorwa kunakili saizi ileile, ni kali mno na hazipindishi mstari. Giza lake wakati wa kufokasi linachosha, hilo kweli, lakini mwenye negativu za 8 kwa 10 au nusu pleti anayetaka kukuza mara mbili tu, Apo-Ronar ya 240 au 300 inamfanyia kazi safi na mara nyingi inauzwa rahisi kuliko lenzi ya kukuzia ya urefu huo. Kama kuna kiwanda cha uchapaji hapa nchini kina kamera ya namna hiyo imefunikwa turubai stoo, naomba sana wasiikate chuma chakavu kabla hawajaifungua lenzi.

Tundu. Lenzi nyingi za 150 zinaanzia f/5.6. Fokasi ukiwa umeifungua yote uone vizuri, halafu funga mpaka f/11, angalia fokasi tena kwa darubini ndogo ya kuangalia chembe za negativu maana lenzi nyingine zinahama kidogo ukizifunga, kisha piga. Wapo wanaofunga mpaka f/32 wakidhani ndo ukali unaongezeka, hapana, mwanga ukipita kwenye tundu dogo unatawanyika. Na kwenye kukuza tundu linafanya kazi kama dogo zaidi ya lilivyoandikwa, unazidisha kwa ukuzaji jumlisha moja, kwahiyo f/32 ukikuza mara nne inakuwa kama 160, kila nukta inavimba kwenye karatasi mpaka zaidi kidogo ya milimita 0.2, jicho linaiona hiyo bila shida. Kwa f/11 nukta ileile iko chini ya 0.1. Tena muda, kama f/11 ilikuwa sekunde 15 basi f/32 ni dakika mbili, na dakika mbili ni nyingi kwa mashine iliyosimama kwenye sakafu ya nyumba iliyo kando ya barabara ya malori, kila lori likipita picha inatikisika.

Lenzi peke yake haitoshi, lazima taa iendane nayo. Mashine za kondensa, zile zinazokusanya mwanga wa taa kwa vioo vinene, kama Omega D2 au Beseler za 4 kwa 5 za Marekani, vioo vyake vya kondensa lazima vipangwe kulingana na lenzi. Mtu ametoka kwenye filamu ndogo na lenzi ya 50, anafunga 150 na negativu kubwa, kondensa ameiacha ilivyokuwa, basi katikati panawaka na pembeni giza, analaumu lenzi mpya. Panga kondensa kwanza ndo uhukumu lenzi. Mashine za mwanga uliotawanywa, kama De Vere 504 ya Uingereza au Durst nyingi za Italia zenye kichwa cha rangi, kwa hilo hazisumbui sana, unabadilisha boksi la mwanga basi. Na kwa negativu za studio mimi nazipenda zaidi hizi za mwanga uliotawanyika, manake mwanga wa kondensa unaonesha kila mkwaruzo na kila mstari wa penseli ya yule fundi wa zamani, wakati mwanga laini unavificha na sura inatoka kama alivyokusudia yeye.

Halafu usambamba. Negativu, lenzi na ubao wa karatasi viwe sambamba, vinginevyo hata Rodagon mpya kutoka kwenye boksi itakupa kona moja iliyofifia. Weka negativu yenye chembe zinazoonekana, fungua tundu lote, angalia kona zote nne kwa darubini. Kona mbili za upande mmoja zikiwa laini na za upande mwingine kali, hiyo ni mashine imeinama. Zote nne laini kwa pamoja na katikati kali, hapo inawezekana negativu imetuna kwa joto, shiti kubwa inafanya hivyo ikikaa kwenye kishikio kisicho na kioo, na dawa yake ni kishikio cha vioo. Zote nne laini hata kwenye kishikio cha kioo, na ukifunga mpaka f/11 bado, hapo sasa ndo una ruhusa ya kuitukana lenzi.

Kuhusu kununua mtumba, na karibu zote siku hizi ni mtumba. Huku kwetu pwani adui ni fangasi. Unyevu wa Tanga, Mombasa, Unguja na Dar unaotesha fangasi ndani ya vioo, na mkoba wa ngozi unaifuga kabisa, kwahiyo lenzi iliyokuja na mkoba wake mzuri wa ngozi ndo ya kuiangalia mara mbili. Fungua tundu lote, washa tochi, ipitishe kutoka nyuma kwa pembe huku unaangalia mbele. Ukiona nyuzinyuzi zilizotambaa kutoka ukingoni, achana nayo. Ukiona ukungu mweupe umetanda kioo kizima, hiyo inapunguza utofauti wa nyeusi na nyeupe, picha inatoka ya kijivu hata ubadilishe karatasi, inaweza kusafishwa lakini kwa fundi anayejua kufungua na kurudisha kioo mahali pake. Mkwaruzo mdogo wa mbele usikutishe, na vumbi kidogo halina neno. Mafuta kwenye majani ya tundu sio tatizo kubwa maana lenzi hizi hazina shata, ila hakikisha majani yanafunga na kufunguka yote.

Uliza na nyuzi za skrubu za kufungia lenzi. Lenzi ndogo nyingi zina nyuzi za milimita 39, za 150 nyingi zina milimita 50, na muuzaji akikwambia ringi ya kufungia haipo, punguza bei au tafuta nyingine, usije ukaibandika kwa gundi kwenye ubao, nimeletewa za hivyo na kuzibandua ni kazi. Ukishaipata ihifadhi kwenye chombo kinachofunga vizuri na silika jeli, na uitumie. Lenzi inayotumika inapata mwanga na hewa.

Jambo la hatari nisilisahau, kwa wale wa maboksi ya studio. Shiti za zamani, za kabla ya vita vya pili vya dunia hasa, nyingine ni za naitreti na zile zinashika moto kirahisi. Tazama ukingo wa filamu, filamu ya salama huwa imeandikwa "Safety". Isiyoandikwa, ya njano njano, yenye harufu kali au inayonata, usiiweke kabisa kwenye mashine ya kondensa yenye balbu ya moto, na wala usiihifadhi chumba cha kulala. Negativu za vioo hazina hatari hiyo ila vinapasuka kwa joto la ghafla, kwahiyo washa taa pale tu unapofanya kazi.

Na kama hela ya 210 haijapatikana na boksi la nusu pleti linakusubiri, usinunue 105 ya kushikizia. Laza negativu juu ya karatasi, upande wa dawa ukutane na upande wa dawa, weka kioo kizito juu, washa balbu kidogo juu yake, sekunde chache, kisha kwenye dawa kama kawaida. Picha ya inchi 4¾ kwa 6½ isiyo na lenzi yoyote katikati ni kali mpaka kona ya mwisho, unaweza ukaanza kutambua watu kwa picha hizo wakati unadunduliza ya lenzi.

Anayetaka kuuliza aniandikie kupitia ukurasa huuhuu, Mhariri ukiridhia, lakini akiuliza aseme vitu vitatu: saizi ya negativu kwa milimita, urefu wa nguzo ya mashine yake, na mvukuto wake unavutika kiasi gani. Bila hivyo vitatu siwezi kumtajia lenzi.

Wasalaam,
Fundi wa chumba cha giza, Tanga